Waliorudi Kutazama

Tarehe 16 Novemba 1977 serikali ya Kenya iliondoa kibali cha mikusanyiko katika kituo cha utamaduni cha Kamiriithu, Limuru, na mchezo wa Ngaahika Ndeenda ukaishia hapo hapo. Ulikuwa umefunguliwa kwa watazamaji wa kulipa Jumapili ya tarehe 2 Oktoba. Hesabu mwenyewe: siku 45. Mwisho wa mchezo ukijulikana mapema, watu hununua tiketi kwa ajili ya mwisho wenyewe, waigizaji hulia kidogo, mtu huleta maua. Kamiriithu mwisho ulikuja kwa barua. Waliotazama onyesho la mwisho walitazama onyesho la kawaida tu, wakainuka na kurudi nyumbani kama watu watakaokuja tena.

Habari za baadaye tunazijua sana, pengine kupita kiasi. Ngugi wa Thiong'o, aliyeuandika mchezo huo pamoja na Ngugi wa Mirii, alikamatwa tarehe 31 Desemba mwaka huohuo akawekwa kizuizini Kamiti bila kufikishwa mahakamani. Humo ndani akaandika riwaya ya Caitaani Mutharaba-ini kwenye karatasi za chooni. Hadithi hii imesimuliwa mpaka mwandishi amejaa jukwaa zima na watazamaji hawaonekani tena. Mimi ni hao ninaowatafuta. Katika kitabu chake cha mwaka 1986, Decolonising the Mind, Ngugi anagusia, kisha anapita, kwamba baadhi ya watu waliyajua maneno ya mchezo karibu sawa na waigizaji, na raha yao ilikuwa kuona mwigizaji atayasemaje safari hii, mbele ya watu wengine. Yeye alipita. Mimi nimekwama hapo kwa miaka.

Maana mtu hawezi kukariri mchezo mzima kwa siku 45 za maonyesho ya mwisho wa wiki. Labda kama alianza mapema.

Na kweli walianza mapema. Kamiriithu ni kijiji kilichozaliwa miaka ya 1950, wakati wa hali ya hatari, Waingereza walipowaswaga watu kutoka mashambani mwao na kuwarundika pamoja ili wasiwalishe Mau Mau. Uhuru ulipokuja, wengi walibaki palepale, wakifanya vibarua kwenye mashamba ya chai au kazi katika kiwanda cha viatu cha Bata. Mwaka 1976 wanakijiji wakamfuata Ngugi, aliyekuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi na jirani yao, wakamtaka afanye jambo hapo kijijini. Kukaanzishwa darasa la watu wazima, kisha likaja wazo la mchezo. Rasimu ilipokuwa tayari, mwaka 1977, ilisomwa mbele ya watu na kujadiliwa kabla ya mazoezi kuanza tarehe 5 Juni, uwanjani, mchana kweupe. Aliyekuwa akipita na kuni alisimama. Mtoto aliyetumwa chumvi alichelewa.

Basi kuanzia Juni mpaka Oktoba, miezi karibu minne, kijiji kilikuwa kinatazama mchezo kabla haujawa mchezo. Tena si kwa kunyamaza. Wazee walisahihisha Kikuyu cha wasomi: mzee haongei hivi, kijana hamjibu mkubwa vile. Wafanyakazi wa viwandani walijua mshahara ni kiasi gani na unakatwa wapi. Ilipofika sehemu inayogusa bunduki za kutengeneza kwa mkono, ndani ya kundi lenyewe alikuwamo mtu aliyekuwa akiwatengenezea Mau Mau bunduki miaka ya 1950. Mtu kama huyo humwelezi bunduki ikoje, anakueleza yeye.

Hata jukwaa walilichora wenyewe, kwa kupanga njiti za kiberiti chini. Kisha wakalijenga: sakafu iliyoinuliwa, ukuta wa mianzi nyuma yake, viti virefu vya mbao vilivyopanda kama ngazi, nafasi ya watu zaidi ya 2,000, paa hakuna. Kutoka kwenye kiti hadi jukwaani ilikuwa kama hatua moja tu. Siku moja mvua ilinyesha katikati ya onyesho. Waigizaji wakasimama, watu wakakimbilia pa kujikinga. Ilipokatika wakarudi, ikanyesha tena, wakakimbia tena. Mara tatu. Hawakuondoka. Kwa mtu anayeijua tayari hadithi inavyoishia, huko si kusubiri kujua kitatokea nini.

Na hadithi yenyewe, kwa ambao hawajaisoma (tafsiri ya Kiswahili, Nitaolewa Nikipenda, ilitoka mwaka 1982), ni nyepesi kusimulia. Kiguunda ni kibarua mwenye ekari moja na nusu. Hati ya shamba ameitundika ukutani, ndani ya fremu, kama wengine wanavyotundika picha ya harusi. Tajiri Kioi, mtu wa kanisa, anaanza kumtembelea. Kiguunda na mkewe Wangeci wanadhani ni mambo ya posa, kwa sababu kijana wa Kioi anatoka na binti yao Gathoni. Kumbe Kioi na wenzake wanataka eneo la kujenga kiwanda cha dawa ya wadudu. Wanashawishiwa kwamba ndoa yao ya kimila ni dhambi, wafunge upya kanisani. Harusi inataka pesa, pesa iko benki, na benki inataka hati. Gathoni anapata mimba na kuachwa. Ukutani inabaki nafasi tupu.

Sasa fikiria unaitazama hati hiyo ikishushwa ukutani mara ya nne, ya tano. Unajua itashushwa. Unaijua hata sentensi itakayosemwa. Nadhani nalijua kidogo jambo hili, na sikulijulia Limuru.

Nimekulia Lionja, Nachingwea, kwenye mikorosho. Nikiwa shule ya msingi kulikuwa na kikundi cha vijana pale kijijini waliokuwa na igizo moja tu. Moja. Lilihusu kangomba, ule ununuzi wa korosho kwa njia ya pembeni, kabla ya msimu, mkulima akiwa na shida na mnunuzi akiwa na kipimo chake mwenyewe. Mnunuzi wa kwenye igizo aliitwa Bwana Bakuli. Nililiona mara tano kwa hesabu yangu, mbili zikiwa mazoezi kwenye uwanja wa shule, na moja ya mwisho kabisa, kabla kijana aliyeigiza mkulima hajaondoka kwenda Dar es Salaam kutafuta maisha.

Mara zote tano mama mmoja wa mstari wa mbele alipiga kelele palepale, mkulima anaponyoosha mkono kuchukua hela: "Usipokee, baba!" Kila mara mkulima akapokea, igizo likaendelea, watu wakacheka, na yule mama akakaa chini akinung'unika kama aliyeibiwa yeye. Ile jioni ya mwisho kijana alinyoosha mkono, akamsikia, akausimamisha hewani. Watu wakaanza kumpigia kelele, wengine chukua, wengine acha. Akairudisha mikono mgongoni. Bwana Bakuli akabaki amesimama na noti zake za karatasi. Bila deni hakuna igizo, sehemu yote iliyobaki ilikuwa inategemea lile deni. Wakaangaliana, wakaanza kucheka, ngoma ikapigwa, ikawa ndio mwisho. Kesho yake sokoni kulikuwa na mtu, wa kweli kabisa, ambaye watoto walimkimbilia wakimwita Bakuli. Hakupenda.

Ndiyo maana niliposoma kwamba Kamiriithu watu walianza kuitana kwa majina ya mchezo, sikushangaa hata kidogo. Waliojiona wamo walijiita Kiguunda, Wangeci, Gicaamba. Na matajiri wa eneo hilo waliowachukia wakapewa ya Kioi, Nditika na wenzao. Jina kama hilo halishiki kwa mtu aliyetazama mara moja. Linashika kwa sababu watu mia kadhaa wamelisikia mara nyingi, na kila mmoja anajua kwamba mwenzake naye amelisikia. Ukimwita bwana fulani Kioi barabarani, huna haja ya kueleza chochote. Umefungua kesi na ushahidi umekwisha sikilizwa.

Rudi kwenye ile barua ya Novemba. Kilichoondolewa kilikuwa ni kibali cha mkusanyiko. Wapo wanaoicheka hati hiyo, eti serikali ilishindwa kutofautisha sanaa na mkutano wa siasa. Mimi naona aliyeiandika alikuwa mtazamaji mzuri kuliko wahakiki wengi. Mchezo ukitazamwa mara moja na wageni wanaotawanyika ni burudani. Ukitazamwa na watu walewale wiki baada ya wiki, wengine wakija kwa mabasi ya kukodi, maneno yakiwa yamo vichwani mwao tayari, huo ni mkutano wenye ajenda. Na mikutano yenye ajenda hufikia maamuzi.

Ishara ilikuwa imeonekana mwaka mmoja nyuma, Oktoba 1976, mchezo wa Ngugi na Micere Githae Mugo kuhusu Dedan Kimathi ulipopewa siku chache za kubana katika Ukumbi wa Taifa wa Michezo jijini Nairobi. Usiku wa ufunguzi watazamaji waliingia kwenye wimbo wa mwisho wakaendelea nao, wakiimba na kucheza mpaka nje ya jengo. Nje ni barabara ya Harry Thuku, na ng'ambo yake ni hoteli ya Norfolk, pale ambapo Machi 1922 watu waliotaka Thuku aachiliwe walipigwa risasi. Sidhani kama kuna aliyepanga hilo. Lakini mlango wa ukumbi ule hauna pengine pa kutokea.

Halafu ikaja 1982, ambayo kwangu ndiyo sehemu ya ajabu zaidi. Kundi la Kamiriithu lilikuwa na mchezo mpya, Maitu Njugira, wenye nyimbo za makabila kadhaa ya Kenya. Ulipangwa kufunguliwa Februari katika Ukumbi huohuo wa Taifa. Wakafika, milango imefungwa. Kibali hakikutoka. Wakahamia Chuo Kikuu cha Nairobi kuendelea na mazoezi, na mazoezi, kama tulivyoona, Kamiriithu hayakuwahi kuwa ya siri. Watu wakaja. Kwa makadirio ya Ngugi, kati ya 12,000 na 15,000 waliyatazama kwa muda wa siku kumi hivi, kabla nayo hayajazuiwa. Ukumbi ulijaa mpaka wengine wakabaki nje wakisikiliza.

Kwa hiyo Maitu Njugira ina onyesho la mwisho bila kuwa na la kwanza. Haikufunguliwa kamwe. Na safari hii waliokuja walijua. Walikuwa wameona kilichoupata mchezo wa kwanza, walijua milango ya Ukumbi wa Taifa imefungwa, kwa hiyo kila jioni waliingia wakidhani huenda ndiyo ya mwisho. Ukimwuliza mpenzi yeyote wa tamthilia atakwambia mwisho huwa na utamu wake. Sina hakika kama ni neno sahihi kwa utamu wa kutazama huku umetega sikio mlangoni.

Tarehe 11 Machi kituo kilipigwa marufuku. Kesho yake malori matatu ya polisi wenye silaha yakaja Kamiriithu na jukwaa lile la njiti za kiberiti, pamoja na viti vyake vya ngazi, likabomolewa lote. Ngugi alikwenda London Juni mwaka huo na hakurudi Kenya hadi 2004. Ngugi wa Mirii na Kimani Gecau, aliyekuwa mwongozaji, wakakimbilia Zimbabwe na kuendelea na kazi ya michezo ya vijijini huko.

Watazamaji hawakukimbilia popote. Walikuwa na mazoea ya kurudia, wakayahamishia kwenye vitabu. Riwaya ile ya gerezani ilipochapwa mwaka 1980, ilinunuliwa na kusomwa kwa sauti majumbani, hata baa, mmoja akisoma na wengine wakisikiliza. Inasemekana msomaji akifika penye utamu hunyamaza kabisa, macho kwenye ukurasa, mpaka ajaziwe glasi yake.

Mei 2022, miaka 45 baadaye, Ngaahika Ndeenda ilionyeshwa katika Ukumbi wa Taifa wa Michezo, Nairobi, kwa Kikuyu na kwa Kiingereza, ndani ya jengo lilelile lililofungiwa milango mwaka 1982. Kulikuwa na tiketi, viti vya kitambaa, paa juu, na tarehe ya mwisho iliyojulikana. Aliyekuwa na miaka ishirini kwenye zile mvua tatu za Limuru alikuwa na sitini na tano. Ningependa sana kujua kama yupo aliyekaa gizani mle akiwatangulia waigizaji kwa nusu sentensi. Kamiriithu kwenyewe, mahali palipokuwa na jukwaa, kuna chuo cha ufundi.