Patina: Utando wa Kale, si Kutu

Mzinga wa shaba uliokaa hewani karne tatu hauna tena rangi ya shaba. Umegeuka kahawia iliyokolea, na ndani ya michoro ya maandishi yake pengine kumeingia kijani. Ukiupapasa unakuta uso laini na mgumu, ulioshikamana kabisa na madini. Wahifadhi wa zana za kale za kivita huuita uso huo patina, neno lililotoka Italia. Wengi wetu tungesema "kutu" tu, na kutu dawa yake ni kusuguliwa.

Kwa chuma, neno hilo linafaa. Kutu ya chuma ina vinyweleo na hubanduka magamba, hivyo maji hupata njia ya kuendelea kula. Shaba hufuata mkondo mwingine. Hewa huipaka kwanza tabaka jekundujekundu, kisha unyevu na kaboni dayoksaidi hujenga kijani juu yake, na tabaka hizo zikishikamana, ulikaji hupungua sana. Kwa hiyo napendekeza *utando wa kale*. Utando tunaujua kwenye jicho na kwa buibui, na shina lake ni kutanda: kuenea juu ya kitu na kukifunika. Wanabiolojia nao wanalitumia neno hili, lakini kifungu "wa kale" kinaondoa utata, tena kinatupa kinyume chake bila taabu: *utando bandia*.

Kinyume hicho ndicho kazi kubwa ya mthibitishaji. Mwenye kughushi hutumia siki, chumvi au amonia, na mara nyingi rangi yake hutoka sare mno. Utando wa kweli hufuata maisha ya kifaa: umefifia pale mkono uliposhika, umejaa kwenye pembe na mashimo ya skrubu. Chukua Nishani ya Vita ya Uingereza ya 1914–1918, ile ya fedha, ambayo askari wengi walipewa, wakiwemo wa King's African Rifles. Jina na namba ya askari vilipigwa kwenye ukingo. Tapeli akifuta jina kwa tupa ili apige la mtu mwenye sifa zaidi, ukingo hupungua unene na weusi wa fedha hukatika ghafla mahali hapo. Familia iliyoing'arisha nishani ya babu kwa Brasso kila sikukuu imefanya hivyo kwa upendo, lakini ushahidi huo umeondoka pamoja na weusi, na herufi zenyewe zimeanza kulika.

Si kila kijani kiachwe. Unga wa kijani mpauko unaochipuka kwa madoadoa na kudondoka ni *ugonjwa wa shaba*: chumvi ya kloridi iliyojificha ndani imekutana na unyevu. Huo huitwa ugonjwa kwa haki, maana usipotibiwa unatafuna kifaa. Vitu vya baharini ndivyo vilivyo hatarini zaidi. Merikebu ya Kireno Santo António de Tanná ilizama Mombasa mwaka 1697, wakati Waomani wameizingira Ngome ya Yesu, na wanaakiolojia waliichimbua kati ya 1977 na 1980. Kloridi haiishii kwenye shaba: chuma nacho kilichokaa hivyo chini ya bahari hakianikwi juani. Kikikauka na chumvi yake hupasuka vipandevipande, kwa hiyo hulowekwa katika maji yenye alkali miezi mingi, hata miaka, hadi kloridi itoke.

Ndiyo maana nasisitiza pia tutenge *uhifadhi*, yaani kuzuia uharibifu usiendelee, na *ukarabati*, yaani kurudisha sura ya awali. Fundi mzuri huanza na la kwanza, na pengine haligusi la pili. Kwa mwenye nishani au jambia la urithi nyumbani, yatosha kuondoa vumbi kwa brashi laini, kushika kwa glavu, kuweka mahali pakavu, na kumwonyesha mhifadhi wa makumbusho kabla ya kununua dawa yoyote ya kung'arisha.