Mionzi asilia katika udongo na mboga (Kampala)

Upimaji wa mionzi asilia hubaini kiasi cha urani-238, thori-232 na potasiamu-40 kilichomo ardhini na katika mazao. Jijini Kampala, matumizi ya mionzi husimamiwa na Baraza la Nishati ya Atomiki, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2008.

Udongo hukaushwa, husagwa na kuchekechwa, kisha hufungiwa ndani ya chombo kisichopitisha hewa kwa takriban wiki 4. Gesi ya radoni, ambayo nusu yake huoza kila baada ya siku 3.8, hapo hupata muda wa kulingana na radiamu inayoizalisha. Mchicha na nakati huoshwa kama mboga ya kupikwa kabla ya kukaushwa.

Kifaa cha kunasa miali ya gama huitambua potasiamu-40 kwa nishati yake ya keV 1,460. Matokeo huandikwa kwa bekereli kwa kilo. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000 ilitaja viwango vya kati vya udongo duniani: urani 35, thori 30, potasiamu 400.

Kiwango cha mboga hugawanywa kwa kile cha udongo ili kujua mmea umefyonza kiasi gani. Potasiamu-40 kwa kawaida huongoza, kwa kuwa mimea huihitaji potasiamu ili ikue.