Uundaji wa meli kwa vipande

Uundaji wa meli kwa vipande ni mbinu ambayo sehemu kubwa za mwili wa meli hukamilishwa kwanza karakanani, kisha huunganishwa chelezoni. Ilitumika Marekani katika Vita Vikuu vya Pili kuunda meli 2,710 za aina ya Liberty. Kuanzia 1951 Elmer Hann, aliyewahi kufanya kazi katika viwanda vya meli vya Mmarekani Henry Kaiser, aliipeleka Kure, Japani, na mhandisi Hisashi Shinto akaikuza katika kampuni ya IHI. Kama ilivyo kwa mfumo wa uzalishaji wa kampuni ya magari ya Toyota, shabaha yake ni kuondoa upotevu: kusubiri, kubeba vitu mara mbilimbili na kurudia kazi.

Mabomba na nyaya hufungwa kipande kikiwa bado chini. Kipande cha sitaha hupinduliwa ili fundi achomelee akiwa ameinama, si moto ukiwa juu ya kichwa chake; kazi huenda haraka na hatari hupungua sana. Kiini cha mbinu hii, hata hivyo, ni vipimo. Joto la kuchomelea husinyaza chuma, hivyo kiasi cha kusinyaa hupimwa kila hatua na kuingizwa katika michoro. Bila hivyo kingo za vipande hazikutani, na hulazimu kukata upya kipande kikiwa kimening'inia kwenye kreni. Mwishoni mwa miaka ya 1970 viwanda vya Marekani vilianza kujifunza mbinu hii, kama ilivyokuzwa Japani, kutoka IHI.