Milton Santos na Mizunguko Miwili ya Uchumi wa Mjini

Milton Santos alizaliwa tarehe 3 Mei, 1926, katika mji mdogo wa Brotas de Macaúbas, jimbo la Bahia, nchini Brazili. Wazazi wake walikuwa walimu wa shule. Alihitimu elimu ya sheria mwaka 1948, lakini kazi aliyoishika ni ya kufundisha jiografia. Mwaka 1958 alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Strasbourg, Ufaransa, kwa utafiti juu ya kitovu cha mji wa Salvador. Aghalabu aendaye kusoma ng'ambo hurudi na mambo ya ng'ambo; yeye alikwenda na mji wa kwao.

Mwaka 1964 wanajeshi walipotwaa serikali ya Brazili, Santos alitiwa gerezani, kisha akahama nchi. Alifundisha Ufaransa, Kanada, Venezuela, na katikati ya miaka ya 1970 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Katika uhamisho huo, mwaka 1975, kilitoka Paris kitabu chake L'Espace partagé.

Wataalamu wengi wakati huo waliugawa uchumi wa miji ya nchi maskini sehemu mbili, "wa kisasa" na "wa jadi", kana kwamba fundi viatu wa kando ya njia ni masalio ya zama zilizopita. Santos alilikataa jina hilo la pili. Kwa hoja yake, fundi yule ni wa leo sawasawa na benki iliyo mkabala naye, maana wote wawili wamezaliwa na mabadiliko yale yale. Ndipo akasema juu ya mzunguko wa juu na mzunguko wa chini. Katika ule wa juu mna mtaji mkubwa, watu wachache, mikopo ya benki, na bei isiyojadiliwa. Katika ule wa chini mtaji ni haba, mikono ni mingi, mkopo ni kuaminiana, bei ni mapatano, na kitu kikuukuu hutengenezwa kikatumika tena. Mfanyabiashara wa jumla husimama katikati, mguu mmoja huku na mmoja huku.

Uzito wa majina haya ulionekana Dar es Salaam yenyewe baada ya Santos kuondoka. Chini ya sheria ya nguvu kazi ya mwaka 1983, miongoni mwa waliokamatwa na kupelekwa vijijini kwa kuhesabiwa kuwa hawana kazi walikuwamo wachuuzi, ambao walikamatwa wakiwa kazini. Baadaye Kiswahili kilipata "machinga", jina la watu wa Lindi lililogeuka kuwa la kila mchuuzi, na "sekta isiyo rasmi", msemo wa maofisini unaomtaja mtu kwa kile alichokosa. Hakuna kati ya haya lionyeshalo, kama neno la Santos, kwamba shilingi ya mchuuzi na ya benki ni za uchumi mmoja.

Santos alirejea Brazili mwaka 1977, akafundisha Rio de Janeiro, kisha Chuo Kikuu cha São Paulo. Mwaka 1994 alipewa tuzo ya Vautrin Lud, iliyo kuu katika jiografia. Alifariki São Paulo tarehe 24 Juni, 2001.