Marley, Remmy na Mungu wa Wanyonge

Wanamuziki wawili waliofuga rasta na kuwaimbia wanyonge walimalizia safari zao kanisani, na mpaka leo wapo mashabiki ambao jambo hilo limewakaa kooni. Bob Marley alibatizwa katika Kanisa la Orthodox la Ethiopia mnamo Novemba 1980, miezi michache kabla saratani haijamuua mjini Miami, Mei 11, 1981. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, Kongo, aliyegeuka Mtanzania wa Watanzania, aliokoka uzeeni, akakata nywele, akaimba Injili hadi alipofariki Dar es Salaam mnamo Desemba 2010. Wako wanaosema Marley alitishwa na kifo na Remmy akalainishwa na maradhi. Mimi naona wote wawili walifika walikokuwa wakielekea tangu mwanzo, ila kila mmoja alipita njia yake.

Nywele zenyewe zinatosha kutuonyesha. Rasta za Marley zilikuwa nadhiri. Warastafari waliichota katika kitabu cha Hesabu, sura ya 6, pale Mnadhiri anapokatazwa wembe kichwani. Haile Selassie, mfalme wa Ethiopia aliyeabudiwa na Warastafari, alipozuru Jamaika Aprili 1966, Marley hakuwepo, alikuwa Marekani akitafuta riziki. Mkewe Rita ndiye aliyemwona mfalme. Marley mwenyewe aliingia katika imani hiyo baadaye kwa kusikiliza na kusoma, akifundishwa na wazee wa Kingston kama Mortimo Planno. Ndiyo maana nyimbo zake zimejaa zaburi, manabii na historia. Wimbo wake "War" wa mwaka 1976 umejengwa juu ya hotuba aliyoitoa Selassie Umoja wa Mataifa mwaka 1963. Ni wangapi wanaoweza kuchukua hotuba ya kidiplomasia wakaifanya ibada, na watu wakacheza?

Nywele za Remmy zina asili nyingine kabisa. Kwa simulizi yake mwenyewe, mama yake alikwisha kufiwa na watoto kabla yake. Akaenda kwa mganga, naye akamwagiza kwamba mtoto atakayezaliwa asikatwe nywele. Mtoto akazaliwa na meno tayari, ishara iliyowafanya watu waseme huyu atakuwa mganga, na jina la "Dokta" likaanzia huko. Hapo hutaona aya ya Biblia wala mfalme wa Ethiopia. Utaona mama anayeogopa kuzika tena. Vijana wetu waliomhesabu Remmy kuwa Rasta kwa sababu ya kichwa chake tu walimvika imani ya watu wengine, ingawa umaarufu wa Marley hakika ulimrahisishia mambo mjini.

Tofauti hiyo ya asili ndiyo inayotawala nyimbo zao. Mungu wa Marley anatenda katika historia: anavunja minyororo, anaiangusha Babeli, anawatoa watu wake utumwani kama alivyowatoa Waisraeli Misri. Ndiyo sababu mwaka 1980 Wazimbabwe walipopata uhuru, Marley alikuwepo Uwanja wa Rufaro kuwaimbia, na mtu asishangae nabii kuhudhuria sherehe za dola. Mungu wa Remmy tunakutana naye matangani. Katika wimbo wake "Kifo", Remmy anakikabili kifo kama mtu anayemkabili mdeni sugu, anakilalamikia, anakiuliza maswali yasiyo na majibu. Hatangazi ushindi. Cha ajabu, magitaa ya bendi yake, Super Matimila, yanaendelea kuchezesha watu kama kawaida ya dansi, na ukumbi mzima unazunguka ukiwa unaimba habari za kaburi. Marley alipotaka kusema jambo zito kabisa mwishoni mwa albamu yake ya 1980, aliwanyamazisha wapiga ala wote akabaki na gitaa moja. Remmy hakuwahi kuona haja ya kunyamazisha kiuno ili roho isikie, na hapo, kwa maoni yangu, alimzidi Marley.

Lakini Marley alimzidi kwa matumaini. Remmy aliyasema mateso ya maskini kwa uchungu na kwa mzaha, hata akathubutu kuimba "Mambo kwa Soksi", yaani kondomu, wakati ukimwi ulikuwa hautajwi hadharani. Ila ukimuuliza kesho itakuwaje, wimbo haukujibu. Kwangu mimi wokovu wake ulikuja kujibu swali ambalo alikuwa ameliuliza kwa miaka mingi. Na ubatizo wa Marley? Mtu aliyeimba Ethiopia maisha yake yote akaingia kanisa la Ethiopia: kioja kiko wapi?

Urithi wao umegawanywa vibaya. Marley ana makumbusho katika nyumba yake ya Hope Road, Kingston, na "Legend", mkusanyo uliotoka mwaka 1984 ambao wengi wamemjulia humo, umeweka mapenzi mbele na kuiacha "War" nje. Dunia imempenda kwa kumpunguza. Remmy ana kituo cha daladala: makonda wa Dar es Salaam wanaita "Sinza kwa Remmy" kila siku, na abiria wengi wadogo hawajui Remmy ni nani. Albamu zake mbili zilizotolewa Uingereza na kampuni ya Real World zinapatikana kwa urahisi kuliko nyimbo zake za Injili, ambazo wahakiki wetu huzipita kimyakimya kana kwamba ni aibu ya uzeeni.

Waliopiga naye muziki huo wa mwisho, na waliomjua kanisani, wapo ambao bado wako hai. Wenye vipaza sauti, redio na vyuo vikuu waende wakawarekodi sasa, kabla hatujaanza kuuliza habari za Remmy kwa watu waliomsoma vitabuni tu.