Jinsi ya kuhifadhi sauti za gitaa na kinanda chako kwenye flashi

Unapiga gitaa au kinanda katika kwaya, kanisa au bendi hapa Kimaka, Jinja mjini au Mbale? Huenda kifaa unachotumia si chako. Pedali ni ya kanisa, kinanda ni cha kukodi, spika ni za rafiki. Lakini sauti zilizomo ndani umezitengeneza wewe mwenyewe, usiku mmoja baada ya mwingine. Kifaa kikiibwa, kikiungua kwa umeme, au wewe ukihama, sauti hizo zitapotea usipokuwa na nakala.

Makala hii inaeleza jinsi ya kuhifadhi nakala hiyo kwenye flashi, jinsi ya kuirudisha bila kufuta kazi ya wengine, na jinsi ya kulinda vitu vingine muhimu vilivyo kwenye flashi hiyo hiyo.

Ni nini hasa kinachohifadhiwa?

Pedali ya dijitali hairekodi gitaa lako. Inakumbuka mipangilio: aina ya amplifaya uliyochagua, kiasi cha besi, urefu wa mwangwi, na mpangilio wa swichi za mguu. Mpangilio mmoja kamili wanamuziki wengi huuita pachi. Kwa mfano, Boss GT-1 ina nafasi 99 za pachi zako, na Zoom G1 FOUR ina nafasi 50.

Faili za pachi ni ndogo sana. Pachi zote za pedali moja huchukua nafasi ndogo kuliko picha chache za simu. Sauti zilizorekodiwa ni jambo lingine: dakika moja ya WAV ya stereo yenye ubora wa CD huchukua takribani MB 10. Kwa hiyo kama kifaa chako ni lupa, yaani kile kinachorekodi kipande na kukirudia, utahitaji nafasi zaidi.

Kwanza, angalia tundu la USB

Hapa ndipo watu wengi hukwama. Tundu lenye maandishi ya USB halimaanishi kwamba flashi itaingia na kufanya kazi. Kuna aina mbili:

- Tundu pana na bapa, kama lile la kompyuta. Kwenye vinanda vya Yamaha limeandikwa "USB TO DEVICE". Hili hupokea flashi moja kwa moja.
- Tundu la mraba, au dogo kama la kuchajia simu. Kwenye Yamaha la mraba limeandikwa "USB TO HOST". Hili huunganishwa na kompyuta kwa waya. Flashi haitumiki hapa.

Pedali nyingi za gitaa za bei ya kawaida zina tundu la aina ya pili tu. Kwa hiyo safari ya sauti zako ina hatua mbili: kutoka pedali kwenda kompyuta, kisha kutoka kompyuta kwenda flashi.

Chagua na uandae flashi

1. Nunua flashi ya GB 8 hadi GB 32. Kubwa zaidi haina faida kwa kazi hii, na vifaa vingi vya zamani havisomi flashi kubwa.
2. Jihadhari na flashi bandia. Nyingine zimeandikwa GB 64 au zaidi lakini ndani zina nafasi ndogo, na faili zinazozidi huharibika bila onyo. Ijaribu kwanza: ijaze video, itoe, irudishe, kisha fungua video ya mwisho uone kama inacheza. Mwenye kompyuta ya Windows anaweza kutumia programu ya bure ya H2testw.
3. Ipange upya kwa mfumo wa FAT32. Kama kifaa chenyewe kina uwezo wa kuipanga flashi, tumia kifaa hicho badala ya kompyuta.

Tahadhari: Kupanga upya hufuta kila kitu kilichomo. Hamisha picha na nyaraka zako kwanza.

Kifaa kinachopokea flashi moja kwa moja

Kundi hili lina vinanda vingi vya Yamaha na Korg, na baadhi ya vifaa vya gitaa vya bei ya juu kama Kemper Profiler.

1. Washa kifaa, kisha chomeka flashi. Subiri sekunde chache isomwe.
2. Fungua menyu ya kuhifadhi. Kwenye Yamaha PSR-SX900, ingia "Menu", kisha "Utility", kisha "Factory Reset/Backup", na uchague "Backup". Kwenye Kemper, tafuta sehemu ya "External Storage".
3. Subiri hadi skrini iseme kazi imekwisha. Usichomoe flashi wala usizime kifaa kabla ya hapo.
4. Fungua flashi kwenye kompyuta au simu uone kama faili ipo na ina tarehe ya leo. Kama tarehe ya kifaa si sahihi, iandike wewe mwenyewe kwenye jina la folda.

Pedali inayohitaji kompyuta

1. Tafuta kompyuta ya mtu unayemwamini. Kompyuta ya duka la kuchapisha inaweza kukataa programu mpya, na mara nyingi ina virusi.
2. Pakua programu kutoka tovuti ya kampuni iliyotengeneza pedali. Boss hutumia Boss Tone Studio, Zoom hutumia Guitar Lab, na Line 6 hutumia HX Edit kwa pedali kama HX Stomp. Programu hizi ni za bure. Usilipe mtu akuuzie.
3. Unganisha pedali kwa waya. Kama kompyuta haioni kitu, badilisha waya kabla ya kulaumu pedali. Baadhi ya waya ndogo za simu hupitisha chaji tu, hazipitishi faili.
4. Hifadhi nakala. Kwenye HX Edit, fungua "File" kisha "Create Backup". Kwenye Boss Tone Studio, chagua pachi zako, ziweke kwenye orodha, kisha tumia "Export" upate faili inayoishia na .tsl.
5. Nakili faili hiyo kwenye flashi, kisha itoe flashi kwa utaratibu badala ya kuichomoa ghafla.

Lupa nyingi za Boss, kama RC-5 na RC-300, huonekana kwenye kompyuta kama flashi. Ndani utakuta folda iitwayo ROLAND. Nakili folda yote. Usibadilishe majina ya faili zilizomo, maana kifaa huzitambua kwa majina hayo.

Kama huna kompyuta

Bado unaweza kuokoa kazi yako. Piga picha ya skrini ya kila pachi kwa simu, ukurasa kwa ukurasa. Kwa pedali isiyo na skrini, piga picha ya vitufe vyote kutoka juu, mahali penye mwanga. Kisha rekodi sekunde 20 za kila sauti ukitaja jina lake kabla ya kupiga.

Kama tayari una faili kwenye flashi na simu yako inakubali waya wa OTG, unaweza kuifungua flashi kwenye simu na kujitumia faili kwa barua pepe. Faili za pachi ni ndogo, hazitamaliza bando lako.

Andika pia kwenye karatasi

Nakala ya pedali moja kwa kawaida hufunguka kwenye pedali ya aina hiyo hiyo tu. Faili ya Boss haitafunguka kwenye Zoom. Anayehama haelewi mapema atakuta kifaa gani mbele, kwa hiyo daftari lina kazi ambayo flashi haiwezi.

Andika kila sauti kwa maneno na namba: amplifaya safi au yenye mkwaruzo, besi, kati na juu, kiasi cha mwangwi. Muda wa mwangwi uandike kwa milisekunde, kwa sababu namba hiyo ina maana ile ile kwenye kifaa chochote. Hesabu yake ni rahisi: gawanya 60,000 kwa idadi ya mapigo kwa dakika. Wimbo wa mapigo 120 una pigo moja kila milisekunde 500. Mpiga solo wa sebene akiwa na namba hizo na masikio yake, anaweza kuijenga sauti yake upya jioni moja kwenye pedali ya mtu mwingine.

Kabla ya kurudisha, hifadhi kilichopo

Sehemu hii isomwe na kila anayetumia kifaa cha pamoja.

Kurudisha nakala kamili hufuta sauti zote zilizomo kwenye kifaa na kuweka zako. Ukirudi kanisani baada ya miezi sita, ukachomeka flashi na kubonyeza "Restore", unaweza kufuta kazi ya kijana aliyejifunza kupiga wakati haupo. Ugomvi wa aina hiyo kwenye kwaya hauponi haraka. Fanya hivi:

1. Uliza ni nani wanaokitumia kifaa kwa sasa.
2. Hifadhi nakala ya kilichomo leo, kwenye folda yenye tarehe.
3. Kama programu inaruhusu, rudisha pachi zako chache tu, kwenye nafasi zilizo wazi.
4. Kubalianeni nafasi. Kwa mfano, 1 hadi 20 ni za wimbo wa pamoja, 21 hadi 40 ni za mpigaji wa kwanza, na kuendelea. Bandikeni orodha ndani ya kifuniko cha mkoba.

Pia usisasishe programu ya ndani ya pedali usiku wa kuamkia ibada au onyesho. Kusasisha kunaweza kufuta pachi, na umeme ukikatika katikati kifaa kinaweza kukataa kuwaka. Hifadhi nakala kwanza, na ufanye kazi hiyo siku ambayo hamna haraka.

Jaribu nakala yako

Nakala ambayo hujawahi kuijaribu usiitegemee. Chagua pachi moja usiyoihitaji sana, ihifadhi, ibadilishe kwenye kifaa, kisha irudishe kutoka kwenye flashi. Ikirudi kama ilivyokuwa, njia yako inafanya kazi. Isiporudi, umegundua tatizo wakati kifaa bado kiko mkononi mwako.

Weka nakala mbili, sehemu mbili

Flashi inayokaa ndani ya mkoba wa pedali itaibwa pamoja na pedali. Ikikaa chumba kimoja nayo, italowa pamoja nayo. Wakazi wa Mbale wanakumbuka usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilipofurika na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Maji yaliingia majumbani na madukani, na waliobahatika kutoka walitoka na walichoweza kubeba mkononi.

Nakala moja ikae kwako. Ya pili ikae kwa mtu wa nyumba nyingine, ikiwezekana mji mwingine. Kama mnasafiri kati ya Jinja na Mbale kwa huduma au maonyesho, mwanakwaya wa upande wa pili anafaa kabisa. Ya tatu, kama una intaneti, iweke kwenye barua pepe yako.

Usichanganye sauti na nyaraka zako

Watu wengi wana flashi moja tu: ndani mna pachi za gitaa, picha za familia, na nakala za kitambulisho cha mkimbizi, karatasi ya familia au vyeti vya shule. Kisha flashi hiyo huazimwa mazoezini, huchomekwa kwenye kompyuta tatu, na kurudi baada ya wiki.

Usifanye hivyo. Namba yako ya usajili na majina ya watoto wako hayapaswi kuzunguka na muziki. Tenga flashi ya muziki na uiandike kwa kalamu isiyofutika. Nyaraka zikae kwenye flashi nyingine isiyoazimwa. Mwenyeji naye afanye hivyo kwa kitambulisho chake cha taifa na hati za ardhi. Na kumbuka kwamba kufuta faili kwa njia ya kawaida hakuiondoi kabisa: mtu mwenye ujuzi anaweza kuirudisha.

Orodha ya kukagua

- Nimejua tundu la kifaa changu ni la flashi au la kompyuta.
- Flashi imejaribiwa na kupangwa kwa FAT32.
- Nakala ina jina la kifaa na tarehe.
- Nimeirudisha angalau mara moja ikafanya kazi.
- Nakala ya pili iko nyumba nyingine.
- Namba muhimu ziko kwenye daftari.
- Nyaraka zangu ziko kwenye flashi tofauti.

Kazi yote hii huchukua jioni moja. Ifanye wiki hii, wakati pedali bado iko kwenye chumba cha mazoezi. Siku ukiambiwa ufunge mizigo, kifaa kinaweza kubaki nyuma na mwenyewe, lakini sauti uliyoitengeneza utaondoka nayo mfukoni.