Jiwe, Kamba na Jaketi

Kutoka Kakamega hadi Diani ni zaidi ya kilomita 800. Basi la usiku hadi Nairobi, treni hadi Miritini, matatu, kisha feri ya Likoni. Ukisafiri na vifaa vyako vya kupiga mbizi, unaanza kuhesabu kilo kabla hujafika steji, na cha kwanza kutiliwa shaka ni jaketi la kuelea, lile lenye mfuko wa hewa linalokuzuia kuzama kama gunia la mahindi. Watu huuliza tu, lipi ndilo jepesi kabisa? Swali hilo lina historia, tena si tamu.

Wazamiaji wa lulu wa Ghuba, karne ya 19, walisafiri wepesi kuliko sisi sote. Jiwe mguuni, kibanio puani, kikapu na kamba, basi. Jiwe lilimshusha mtu hadi chini, kisha likavutwa juu, yeye akabaki akiokota chaza kwa pumzi moja. Pumzi ikiisha alitikisa kamba, na mwenzake aliyekaa chomboni akamvuta. Huyo mvutaji ndiye aliyekuwa jaketi lake. Akichelewa, imeenda.

Wengi wa wazamiaji hao walikuwa watumwa, na kati yao walikuwamo watu wa Afrika Mashariki waliovushwa kwa majahazi. Lulu waliyoopoa haikuwa yao, na hata kurudi juu hakukuwa mikononi mwao. Miaka ya 1920 na 1930 baadhi yao walikimbilia kwa maafisa wa Uingereza, Muscat na Sharjah, kuomba hati za uhuru.

Mwaka 1943 Jacques Cousteau na Émile Gagnan walimpa mzamiaji hewa yake mwenyewe. Kuelea, hata hivyo, kulibaki kazi ya miguu na mapafu. Suti ya mpira hubanwa na maji: ukifika mita 10 tu, shinikizo ni mara mbili ya lile la juu, na wewe unazidi kuwa mzito. Mfaransa Maurice Fenzy alileta mfuko wa kuvaa shingoni mwanzoni mwa miaka ya 1960, halafu mwaka 1971 Scubapro wakauza jaketi la kuvaliwa kama kizibao. Kitufe kimoja kinajaza, kingine kinatoa. Kamba sasa imeshikwa na mzamiaji mwenyewe.

Ndiyo maana majaketi ya safari yanafaa kuchunguzwa kwa jicho hilo. Mengi yana kilo mbili na kitu, na wepesi huo umetoka mahali: bamba gumu la mgongoni limeondolewa, pete za chuma zimekuwa plastiki, sponji imepunguzwa. Hayo achana nayo bila huruma. Maji ya Diani ni ya joto, suti nyembamba inatosha, kwa hiyo huhitaji mfuko mkubwa kama wa mtu anayezama kwenye baridi ya Ulaya. Lakini valvu za kutolea hewa, na ule mdomo wa kupuliza kwa pumzi yako kitufe kikigoma, usikubali zipunguzwe hata gramu moja. Jaribu kupuliza ukiwa bado dukani. Na siku ya kurudi, suuza kwa maji baridi ndani na nje, mwaga yote, anika kivulini usiku mzima. Jaketi lililolowa ni mzigo mwingine kabisa ukifika kwenye mizani ya treni.